Wiki kumi na mbili bila kupiga magoti

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, Ruqaiya Nasur amesimama nyuma ya dirisha lenye wavu, kikombe cha chai mkononi, anawachungulia watu wanaoteremka kwenye bodaboda. Wao hawamwoni. Ndivyo anavyotaka.

"Angalia ile mama ya kitenge kijani," anasema kwa sauti ya chini. "Ameshukia mguu ya kulia. Ya kushoto anabeba kama yai. Akiingia hapa ataniambia magoti yote mbili inauma sawasawa."

Dakika tatu baadaye mama huyo ameketi kwenye kiti cha plastiki na anaeleza kwamba magoti yote mawili yanamtesa sawasawa. Ruqaiya anamtupia jicho mwandishi wa makala haya, kisha anamalizia chai yake.

"Watu wakiona mimi wanaanza kuigiza," anasema. "Ndiyo maana nawaangalia kabla hawajajua."

Huyu ndiye mwanamke ambaye nusu ya mtaa wake, pembezoni mwa jiji la Arua, Uganda, inamwombea dua, na nusu nyingine inamwita mharibifu wa nyumba za watu. Ana miaka arobaini na sita, ni mzaliwa wa Koboko, mjane, mama wa mabinti wawili walioolewa. Kazi yake ni kutibu magoti bila kisu, bila sindano na bila dawa. Na leo saa nne watakuja watu wenye uwezo wa kumfungia chumba chake.

Mwandishi huyu aseme ukweli mapema. Alipokuja hapa mara ya kwanza, alikuja kumuumbua.

Mwaka juzi mama mzazi wa mwandishi alilipa shilingi laki tatu kwa bwana mmoja wa koti jeupe, aliyekodi ukumbi mjini na kutundika bango lenye picha ya uti wa mgongo. Bwana yule alilivuta goti la mama mpaka likalia, watu wakapiga makofi, na kesho yake akahamia mji mwingine. Mama anatembea na fimbo hadi leo. Kwa hiyo mtu wa familia hiyo akisikia maneno "tiba ya magoti bila kupasuliwa", kitu cha kwanza anachofanya ni kushika mfuko wake.

Ruqaiya hakukasirika alipoambiwa hayo. Alimtazama mwandishi kuanzia kiunoni kushuka chini.

"Wewe mwenyewe, goti yako ya kushoto si mzima," alisema. "Ngazi yangu iko mbili tu, na umeshika mlango."

Ilikuwa kweli. Lakini hata tapeli ana macho ya kuona mtu akishika mlango, na mwandishi hakumpa sifa kwa hilo.

Chumba chake kiko nyuma ya mashine ya kusaga. Unga wa muhogo hupenya kwenye tundu la ukuta na kutua juu ya kila kitu, hata kwenye kope za wagonjwa. Ndani hakuna kabati la dawa. Kuna viti vinne vya plastiki, benchi fupi, soksi kuukuu zilizojazwa mchanga, na kwenye msumari ukutani vimetundikwa vipande vya tyubu za bodaboda. Hivyo tu. Mlangoni ameandika kwa mkaa: MIMI SI DAKTARI.

Anatoza shilingi elfu tano kwa mtu. Asiye nazo huleta muhogo au ufuta. Kila Jumatano hupanda gari hadi Koboko, kisha Oraba mpakani, ambako vijana wanaopakua malori yanayotoka Kaya, upande wa Sudan Kusini, wana miaka ishirini na mitano na magoti ya babu zao.

"Kila mutu anauliza, 'Sista, dawa iko wapi?'" anasema. "Mimi naambia yeye, dawa iko kwa paja yako. Paja ikilala, goti inabeba mzigo peke yake. Amsha paja. Basi, anatoka hapa anasema Ruqaiya amekula pesa yangu bure."

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa msaidizi katika idara ya tiba ya viungo ya hospitali moja, mpaka mkataba wa mradi uliomlipa ulipokwisha. Cheti chake anakihifadhi kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro. Mwandishi alikiomba, akakisoma mbele na nyuma, akakipiga picha, na kuipeleka kwa mtaalamu mmoja wa viungo. Jibu lilikuwa kwamba cheti ni halali na mazoezi ni yale yale ya hospitalini. "Asijiite daktari tu," alisema mtaalamu huyo, ambaye hakutaka jina lake liandikwe. Naye mwandishi alimtilia shaka kwa hilo, lakini hilo ni la siku nyingine.

Wagonjwa watano waliulizwa, kila mmoja peke yake. Watatu walisema wamepata nafuu. Wa nne alisema yuko vilevile. Wa tano alisema hajui kama goti limepona, anachojua ni kwamba yule mama ana mdomo mkali.

Kilichoanza kuulegeza moyo wa mwandishi ni mzee mmoja aliyeletwa siku ya Jumatatu. Goti lake lilikuwa limevimba, la moto, na mwili mzima una homa. Ruqaiya aliligusa kwa nyuma ya kiganja, akasimama papo hapo. "Hii hapana yangu," aliwaambia waliomleta. "Hii iende hospitali leo. Si kesho, leo." Akawaitia bodaboda mwenyewe na hakuchukua hata senti. Mwandishi alilegea hapo. Kidogo tu.

Ruqaiya yeye halegei. Huenda Arua nzima hakuna mwenye shaka na watu kumzidi yeye.

Kila mgonjwa hupewa kipande cha tyubu aende nacho nyumbani. Akifunge upande mmoja kwenye mguu wa kitanda, upande mwingine kwenye kifundo cha mguu wake, avute mara thelathini asubuhi na thelathini jioni. Kabla ya kukitoa, Ruqaiya huchora mstari katikati kwa rangi nyeupe ya kucha. Mpira ukivutwa kila siku, rangi hupasuka na kubanduka. Usipovutwa, mstari hurudi mzima kama ulivyotoka.

"Mutu anaapa kwa Mungu kama amefanya," anasema. "Mimi namwacha aape mpaka achoke. Halafu nasoma mstari."

Mwandishi naye alipewa kipande chake. Kiko kwenye begi, na mstari wake, ole wake, ni mzima.

Cha ajabu ni kwamba aliyemletea Ruqaiya balaa si mgonjwa mwongo. Ni mgonjwa aliyemtii.

Jovia ana miaka thelathini na mitatu na anauza unga wa muhogo soko la Inde. Mumewe, Obitre, ni fundi wa pikipiki. Jovia alikuja akiwa hawezi kushuka ngazi ila kinyumenyume. Ruqaiya alimketisha na kuhesabu naye siku nzima, tangu kuamka hadi kulala: kumsalimia mama mkwe, kumpa mume chai, kumenya muhogo, kunawisha wageni, kumsalimia kila mtu mzima njiani. Hesabu ilifika mara arobaini. Mara arobaini kwa siku mwanamke huyu anapiga magoti kwenye ardhi ngumu, na katikati yake anabeba magunia ya unga.

Ruqaiya akampa mpira wake na amri moja: wiki kumi na mbili asipige magoti. Aketi kwenye kigoda, au ainame.

"Hapo nilikosa," anasema, na hapa sauti yake inashuka. "Mimi Mnubi, na sisi wanawake tunapiga magoti vilevile. Najua uzito yake. Lakini nilimwambia mugonjwa peke yake. Nyumba yake sikuambia."

Siku ya nne walifika wazee watano nyumbani kwa akina Obitre kuzungumzia mahari ya dada yake. Jovia akabeba beseni na jagi, akawanawisha mmoja mmoja akiwa amesimama na kuinama. Wazee walikula kimya. Kesho yake wakatuma ujumbe kwamba wanahitaji muda wa kufikiri, maana binti hujifunza kwa anachokiona kwao.

Mama mkwe, Pasca, hakugomba. Aliacha tu kula chakula cha Jovia. Akatoa sufuria yake ndogo, akajipikia kwa wiki tatu.

"Mimi nilikuwa katikati," anasema Obitre. "Mama hapana sema na bibi yangu, bibi yangu hapana sema na mama. Kila mumoja anaweka chakula, anaangalia kama nakula. Mimi nikala mara mbili kila jioni. Tumbo ilinikataa."

Kisha Pasca akauona mpira umefungwa kwenye mguu wa kitanda cha mwanawe.

Mpira uliotoka kwa mwanamke wa Koboko, wenye alama nyeupe, umefungwa kitandani, na mke anauvuta asubuhi na jioni. Mtaa mzima ulihitaji nusu siku tu kuelewa. Wanawake wanafundishwa kuwafunga waume kwa uchawi. Ndiyo maana hawapigi tena magoti. Ndiyo maana Obitre amenyamaza. Wagonjwa wa Ruqaiya wakapungua kutoka thelathini kwa wiki hadi tisa, na waume wawili walirudisha mipira wenyewe wakiwa wameishika kwa vijiti.

Ruqaiya anacheka sasa akisimulia. Siku zile, anasema, alilia.

Obitre, kwa kusukumwa na mama yake, alipeleka malalamiko kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kamisi, mwanajeshi mstaafu. "Hapa serikali ni mimi," Mzee Kamisi alimwambia mwandishi. "Mutu akifungua kazi, mimi lazima najua iko fanya nini. Kama iko vunja nyumba ya watu, mimi nafunga yake."

Kwenye kikao alichoitisha mwenyekiti, Ruqaiya hakujitetea sana. Alikiri kosa lake mbele ya Pasca, akaomba aachwe amalize wiki zilizobaki. Siku ya mwisho, alisema, Jovia atapiga magoti na kusimama bila kushika kitu. Akishindwa, Ruqaiya mwenyewe atafunga mlango na kukabidhi ufunguo.

"Na beseni mukononi," Pasca akasema. Hilo ndilo neno pekee alilotoa siku ile. Mwenyekiti akaliandika kwenye daftari, akauchukua ufunguo mmoja kama dhamana, wakatia sahihi.

Mwandishi alimuuliza Ruqaiya kwa nini mtu asiyemwamini hata mgonjwa anayeapa aliweka riziki yake juu ya goti la mtu mwingine. Alifikiri kidogo.

"Mstari ya Jovia," alisema. "Wiki ya tatu ilikuwa imekwisha kabisa. Rangi hapana iko hata tone."

Saa nne kasoro, Mzee Kamisi anaingia na daftari lake. Ruqaiya yuko dirishani tena. Anamtazama Obitre akifika, anamtazama Jovia akiruka kutoka kwenye bodaboda na beseni lake, na anamtazama kwa muda mrefu zaidi Pasca, ambaye dereva wake anazima injini na kumsubiri ashuke.

Pasca anapewa kiti katikati ya chumba. Ni mwanamke mrefu wa miaka sitini na kitu, rozari shingoni, uso umefungwa kama duka siku ya msiba. Hamsalimii mwandishi. Anamuuliza Obitre kwa Kilugbara huyu ni nani, na akijibiwa hasadiki.

Jovia anajaza jagi. Anakuja mbele ya mama mkwe wake, beseni mkono mmoja, jagi mkono mwingine, na kwa mara ya kwanza baada ya siku themanini na nne anashuka. Goti la kulia, kisha la kushoto. Halii, hatetemeki, hakunji uso.

Anamimina maji. Pasca ananawa. Ananawa kidole kimoja kimoja, anarudi kwenye kidole gumba, anakagua kucha. Kisha anaanza salamu, na hapo kila mtu chumbani anaelewa alichokusudia. Anayesalimia kwa magoti hasimami mpaka mkubwa aifunge salamu, na Pasca haifungi.

Anauliza umeamkaje. Anauliza habari za watoto, kila mmoja kwa jina. Anauliza habari za soko, za muhogo, za mbuzi. Jovia anajibu kila swali kwa sauti ya chini, beseni limejaa mikononi. Mzee Kamisi anamtafsiria mwandishi kwa kunong'ona. "Sasa anauliza wa Inde wameamkaje," anasema. Kisha, baada ya muda, "Mbuzi ameuliza mara ya pili."

Obitre anatazama sakafu. Maji ndani ya beseni yanacheza, na mwandishi, ambaye shaka ni kazi yake, anashindwa kujua kama ni mashine ya kusaga nyuma ya ukuta au ni miguu ya Jovia. Jasho linamshuka hadi kidevuni. Anaonewa, na kila mtu anaona anaonewa, na hakuna mwenye haki ya kusema.

Ruqaiya peke yake hamtazami Jovia. Anatazama miguu ya Pasca.

"Haya," anasema Pasca hatimaye.

Jovia anaweka wayo wa kulia mbele. Anasimama. Hakushika kitu, hakumwaga tone.

"Tena," anasema Pasca.

Anarudia. Kisha mara ya tatu. Mara ya tatu Mzee Kamisi anafunga daftari bila kuulizwa, anatoa ufunguo mfukoni na kuuweka mkononi mwa Ruqaiya. "Kazi iendelee," anasema. "Lakini mpira ya kitanda, mama, ungewaambia watu mapema."

Obitre anapumua. Watu wanaanza kutoka. Pasca hatoki. Amekaa palepale, mikono juu ya mapaja, anasema kiti hiki ni kizuri, watangulie tu.

"Mama," Ruqaiya anasema taratibu. "Mimi nimekuona ukishuka kwa bodaboda."

Mashine ya kusaga imezimwa sasa. Pasca anapozungumza, anazungumza Kiswahili ili kila mtu asikie.

"Goti yangu inauma miaka tisa," anasema. "Miaka tisa mimi napiga magoti kwa kanisa, kwa msiba, kwa mama ya bwana yangu mpaka alikufa. Nanyamaza. Huyu amekuja juzi, goti inauma kidogo, anaambiwa pumzika." Anamtazama Ruqaiya. "Mimi nani aliniambia pumzika?"

Mwandishi alikuwa ameshika kalamu na hakuandika. Alikuwa amemchukia mama huyu kwa dakika ishirini nzima, na aliona aibu.

Jovia aliweka beseni chini, akamnyooshea mama mkwe wake mikono miwili. Pasca aliitazama kwanza, kama mtu anayepewa noti na kuikagua kwenye mwanga. Kisha akaishika, na Jovia akamvuta juu.

Pasca alitoka na kipande cha tyubu chenye mstari mweupe, amekifunga kwenye kitambaa cha kichwa ili mtaa usikione.

Alhamisi iliyofuata mwandishi alirudi, kwa sababu hakuamini. Hakuamini kwamba mama wa rozari angejifunga mpira wa Koboko mguuni. Ruqaiya naye hakuamini. "Wakubwa ndio waongo kabisa," alisema dirishani. "Watoto wanaogopa mimi. Wazee hawaogopi."

Pasca alishuka kwenye bodaboda akiwa ameshika bega la Jovia. Aliketi, akafungua kitambaa, akaweka mpira juu ya benchi. Mstari haukuwepo. Rangi yote ilikuwa imebanduka.

Ruqaiya aliuinua kwenye mwanga wa dirisha. Aliugeuza. Akauvuta kidogo na kuusikiliza.

"Mama," alisema, "hii si wewe. Wiki moja mutu ya goti kama yako hawezi kumaliza rangi hivi. Nani amevuta?"

Pasca alitazama mlango, akatazama ukuta, akatazama maandishi ya mkaa kana kwamba ameyaona leo. Ruqaiya akamgeukia Jovia kwa jicho lile lile la kukagua.

"Umemvutia wewe?"

"Hapana, Sista," Jovia alisema. "Yeye hataki kufunga kwa kitanda. Anasema watu watasema amefunga mtoto yake. Basi tunakaa chini, tunatazamana. Yeye anafunga upande ile kwa mguu yake, mimi upande hii kwa yangu. Tunavuta pamoja."

"Asubuhi na jioni?"

"Asubuhi na jioni. Jioni anaongeza mwenyewe. Hapana taka nimshinde."

"Muongo," Pasca alisema, lakini hakuwa akimtazama mtu.

Ruqaiya hakucheka. Aliuweka mpira juu ya benchi, akaunyoosha kwa viganja viwili, akaupima kwa shubiri mara mbili, huku akikunja uso. Mwandishi alimuuliza ana mpango gani sasa kwa kuwa chumba kimebaki mikononi mwake. Alidhani angetaja bango, au chumba kikubwa zaidi, au Koboko kwao.

"Jumatano niko Oraba," alisema Ruqaiya. "Nitaomba madereva tyubu ya lori. Hii ya bodaboda iko fupi kwa watu wawili."